Vifo 9 kwa kila 1,000 au 6.2? Jibu kwa mratibu wa MTUHA

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mratibu wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika halmashauri moja ya kaskazini mwa Tanzania. Nilipewa kazi ya kulinganisha vifo vya mwaka mmoja katika kata zetu mbili kubwa. Kata ya mlimani ilitoka na vifo 9 kwa kila watu 1,000. Kata ya mjini, penye stendi na soko, ilitoka na vifo 5. Diwani wa mlimani akasimama kwenye kikao akasema kituo chao cha afya kinaua watu, anataka mganga mfawidhi ahamishwe. Nikakumbuka kwamba chuoni tulifundishwa kurekebisha viwango kwa umri. Nilipofanya hivyo, mlimani ikashuka hadi 6.2 na mjini ikapanda hadi 7.5. Nilipozipeleka namba hizo, diwani akaniambia mbele ya watu kwamba nimepika takwimu ili nimlinde bosi. Mjumbe mwingine akasema tuachane na hayo yote, tuchukue tu wastani wa umri wa marehemu. Sasa hata mimi nimechanganyikiwa. Kiwango cha kweli ni kipi? Na je, kurekebisha kwa umri si ujanja wa kuwatoa wazee kwenye hesabu? Nimeambatanisha jedwali langu."

Marahaba, kijana wangu. Pole sana kwa kikao hicho. Kuitwa mpika takwimu mbele ya baraza, na wewe umekesha na jedwali, ni jambo linalouma. Nimepitia hesabu zako mara mbili na hujapika kitu. Lakini nikuombe pia usimwone diwani kuwa mwongo. Anaishi mlimani, anakwenda misibani, anachangia sanda na jeneza, na anachokiona ni kweli: kwa kila watu 1,000 wa kata yake, misiba ni mingi kuliko mjini. Alichokosea ni sababu. Namba zote nne ulizopeleka ni sahihi, ila mbili zinajibu swali moja na mbili zinajibu swali jingine, na nadhani hakuna aliyeligawa swali kabla ya mabishano kuanza.

Tuanze na kiwango ghafi. Unachukua vifo vyote vya mwaka, unagawa kwa idadi ya watu waliokuwepo katikati ya mwaka huo, unazidisha kwa 1,000. Mlimani walikufa 180 kati ya watu 20,000, ndiyo 9 yako. Mjini walikufa 200 kati ya watu 40,000, ndiyo 5 yako. (Namba zako nimezifanya za duara ili wasomaji wengine wafuate hesabu kwa kalamu; mwelekeo wake haujabadilika.) Kinaitwa ghafi kwa maana ile ile ya mali ghafi, yaani hakijaguswa. Na ndicho kinachoeleza mzigo halisi ulioikalia kata: vitanda vingapi vinahitajika, mochwari iwe na nafasi ngapi, wagonjwa wangapi wa shinikizo la damu na kisukari watahitaji dawa kila mwezi, familia ngapi zinauguza mtu nyumbani. Mtu anayepanga bajeti ya mlimani akatumia 6.2 badala ya 9 atakuwa amewapunja watu wa mlimani. Kwa hiyo usikitupe kiwango ghafi kana kwamba ni cha washamba.

Kinachokishinda kiwango ghafi ni kulinganisha sehemu mbili ambazo watu wake hawafanani kwa umri. Chukua Japani. Mwaka 2022 walikufa huko watu zaidi ya milioni 1.5, kiwango ghafi cha karibu 13 kwa kila 1,000. Cha Tanzania, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, ni karibu nusu ya hapo. Je, ni salama zaidi kuzaliwa Tanzania kuliko Japani? Mtoto anayezaliwa Japani anatarajiwa kuishi karibu miaka 84; kwetu bado tuko kwenye miaka ya 60. Tofauti iko hapa: katika kila Wajapani 100, 29 hivi wamevuka miaka 65, na kwetu hawafiki 5. Katar nayo, ambako vijana wetu wengi wanakwenda kutafuta kazi, kiwango ghafi hakifiki hata vifo 2 kwa 1,000. Hakuna dawa ya maajabu huko. Nchi imejaa wanaume wa miaka 25 hadi 45 walioletwa na ajira, na wengi wao wakizeeka au wakiugua sana wanarudi kwao, na vifo vyao vinaandikwa kwao.

Kata zako mbili ni Japani ndogo na Katar ndogo ndani ya halmashauri moja. Vijana wa mlimani wameshuka: wako stendi, wako sokoni, wako Arusha na Dar. Waliobaki juu ni bibi na babu, wajukuu waliopelekwa kulelewa, na watu wazima wachache wenye migomba na ng'ombe wawili. Tazama jedwali lako mwenyewe:

Mlimani: miaka 0 hadi 4, watu 2,000, vifo 12. Miaka 5 hadi 39, watu 10,000, vifo 15. Miaka 40 hadi 64, watu 5,000, vifo 30. Miaka 65 na zaidi, watu 3,000, vifo 123.

Mjini: miaka 0 hadi 4, watu 6,000, vifo 48. Miaka 5 hadi 39, watu 26,000, vifo 52. Miaka 40 hadi 64, watu 7,000, vifo 56. Miaka 65 na zaidi, watu 1,000, vifo 44.

Sasa gawa kila mstari peke yake. Watoto chini ya miaka 5: mlimani 6 kwa 1,000, mjini 8. Miaka 5 hadi 39: mlimani 1.5, mjini 2. Miaka 40 hadi 64: mlimani 6, mjini 8. Wazee: mlimani 41, mjini 44. Rudia kuzisoma taratibu. Hakuna rika hata moja ambalo mlimani wanakufa zaidi. Mtoto wa mlimani yuko salama kuliko mtoto wa mjini, kijana hivyo hivyo, mzee hivyo hivyo. Ila ukizijumlisha zote, mlimani inaonekana mbaya karibu mara mbili. Kinachofanya hivyo ni wale wazee 3,000, ambao ni watu 15 katika kila 100 wa mlimani, wakati mjini wazee ni 2.5 katika kila 100. Wazee hufa zaidi ya vijana kila mahali duniani, na kata yenye wazee wengi itazika sana hata kama huduma zake ni nzuri.

Huko ndiko nilikotaka tufike kabla sijagusa neno kurekebisha, kwa sababu viwango vya kila rika ndivyo ushahidi wenyewe. Kama diwani angeonyeshwa mistari hiyo minne kwanza, nadhani kikao kingekwenda tofauti. Ulimpelekea namba iliyokwisha kupikwa, namba nzuri na sahihi, lakini hakuona jikoni.

Kurekebisha kwa umri ni nini basi? Fikiria mama wawili wametoka kununua vitu, mmoja duka la juu, mmoja duka la chini. Wa kwanza ametumia shilingi 30,000, wa pili 18,000. Duka gani ni ghali? Huwezi kusema. Huenda wa kwanza alinunua kilo tatu za nyama na wa pili alijaza unga na dagaa. Ili ujue, unaandika kikapu kimoja: unga kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 1, nyama kilo 1. Unakwenda na karatasi ile ile duka la juu, kisha duka la chini, unajumlisha bei. Sasa tofauti iliyobaki ni ya bei peke yake.

Viwango vya vifo vya kila rika ndizo bei. Mgawanyo wa watu kwa umri ndio kikapu. Kiwango ghafi kinaipa kila kata kikapu chake yenyewe. Kiwango kilichorekebishwa kinazipa zote kikapu kimoja, ambacho wataalamu wanakiita idadi sanifu ya watu. Wewe umetumia kile cha Shirika la Afya Duniani, kilichotengenezwa kutokana na wastani wa watu wa dunia wa miaka 2000 hadi 2025. Ukikikusanya kwenye marika yako manne na kukifanya cha namba kamili, kina watoto wa chini ya miaka 5 wapatao 9 katika kila watu 100, wa miaka 5 hadi 39 wapatao 57, wa miaka 40 hadi 64 wapatao 26, na wazee 8.

Mlimani: 6 mara 0.09 ni 0.54. Kisha 1.5 mara 0.57 ni 0.855. Kisha 6 mara 0.26 ni 1.56. Kisha 41 mara 0.08 ni 3.28. Jumla 6.235, nawe umeandika 6.2. Mjini kwa njia hiyo hiyo: 0.72, 1.14, 2.08 na 3.52, jumla 7.46, yaani 7.5. Hesabu yote ni hiyo. Inahitaji kikokotoo cha simu na dakika 5, na diwani mwenyewe anaweza kuirudia mezani mbele ya wenzake. Mruhusu airudie. Tuhuma ya kupika inaondoka haraka zaidi mtu akishika kalamu mwenyewe.

Umeuliza kama huku ni kuwatoa wazee kijanja. Hapana, na jibu limo kwenye hesabu yenyewe: katika ile 6.235 ya mlimani, 3.28 imetoka kwa wazee, zaidi ya nusu. Wamebaki ndani, kila kata ikiwa na uzito ule ule wa wazee. Wala kurekebisha hakuponyi takwimu mbovu. Kama vifo vya watoto wachanga vya mjini havikuandikwa, au umri wa wazee ulikisiwa, 7.5 yako itakuwa mbovu kwa kiasi kile kile, ila sasa ina desimali inayoipa sura ya usomi.

Swali lako la kiwango cha kweli nalijibu bila kuzunguka: 9 na 5 ndizo zilizotokea. 6.2 na 7.5 hazikutokea mahali popote. Hakuna kata yenye watu wa mgawanyo ule, ni kata ya kufikirika iliyoundwa ili mbili za kweli zisimame kwenye mizani moja. Ndiyo maana hairuhusiwi kuzidisha 6.2 kwa watu 20,000 ukasema mlimani walikufa 124. Walikufa 180, na kila mmoja ana kaburi. Namba iliyorekebishwa ina kazi moja tu, kuwekwa kando ya nyingine iliyorekebishwa kwa kikapu kile kile.

Na kikapu kikibadilika, namba inabadilika. Chukua watu wa kata zako mbili, wajumlishe wawe 60,000, utumie mgawanyo wao kama kikapu. Mlimani inakuwa 5.6 na mjini 6.8. Usishtuke. Angalia uwiano: 7.5 kwa 6.2 ni karibu mara 1.2, na 6.8 kwa 5.6 nayo ni karibu mara 1.2. Hadithi ni ile ile, mjini hatari iko juu kwa kama moja ya tano. Wamarekani walitumia idadi sanifu ya mwaka 1940 kwa miongo mingi, kisha kuanzia takwimu za mwaka 1999 wakahamia ya mwaka 2000, yenye wazee wengi zaidi. Viwango vyao vilivyorekebishwa vilikaribia kuongezeka maradufu kwa mabadiliko hayo ya kikapu peke yake. Anayelinganisha ripoti ya zamani na mpya bila kusoma maelezo ya chini angeweza kudhani taifa limepatwa na tauni. Kwetu mtego huo uko kwenye saratani. Sajili za saratani, zikiwemo za Kampala na Nairobi, kwa kawaida huripoti kwa idadi sanifu ya Segi, mtafiti wa Kijapani, ya mwaka 1960, ambayo ina vijana wengi kuliko ile ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kila unapoandika kiwango kilichorekebishwa, andika pembeni yake kikapu gani umetumia. Ripoti yako haikuandika. Ongeza mstari huo.

Sasa pendekezo la yule mjumbe, wastani wa umri wa marehemu. Nimelisikia mara nyingi, na linavutia kwa sababu halihitaji kujua watu walio hai ni wangapi. Uingereza walilipitia miaka ya 1840. Edwin Chadwick, mpigania usafi wa miji, alipima afya ya maeneo kwa wastani huo. Mwaka 1844 mtaalamu wa hesabu za bima aitwaye Neison alionyesha kosa lake mbele ya chama cha wanatakwimu cha London, na njia aliyoitumia, ya kuchukua viwango vya eneo moja na kuvitia kwenye watu wa eneo jingine, ni hii hii uliyofundishwa chuoni. Kosa lenyewe unaliona kwako. Mlimani, kati ya marehemu 180, wazee ni 123. Mjini, kati ya 200, wazee ni 44. Wastani wa umri wa marehemu wa mjini utakuwa mdogo sana, na mtu atasema mjini watu wanakufa vijana mno. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na ukweli kwamba mjini wazee wa kufa ni wachache, kwa sababu waliopo ni wachache. Shule ya bweni nayo, ukiitafutia wastani wa umri wa waliofariki, itapata miaka 16 au 17, na hakuna atakayesema kusoma bweni kunafupisha maisha. Mjibu mjumbe wako kwa heshima, lakini usikubali.

Hadi hapa nimekuunga mkono. Sasa niruhusu nikubane kidogo, maana kuna mambo matatu kwenye kazi yako yananinyima usingizi kuliko fomula.

La kwanza ni hao 180 ulikowatoa. Umeandika "daftari za kituo na za watendaji wa vijiji". Huko kaskazini watu wanazikwa nyumbani. Mtu ameishi Dar miaka 30, amefia Dar, basi limebeba mwili usiku kucha, amezikwa kihambani kwa baba yake, na mtendaji ameandika jina kwenye daftari lake kwa sababu alihudhuria. Huyo ni msiba wa mlimani lakini si kifo cha mkazi wa mlimani. Kifo kinahesabiwa mahali alipokuwa akiishi marehemu, si alipozikwa wala alipofia, kwa sababu hesabu ya chini ya mstari, ile ya watu, nayo imewahesabu wakazi. Kuna na wale wanaorudi wakiwa wagonjwa sana ili wauguzwe na mama zao. Hao ni wagumu kuliko wote. Weka kanuni moja, kwa mfano aliyekaa miezi 6 au zaidi ni mkazi, ukaifuata kwa kata zote mbili. Niliwahi kukaa na mtendaji wa kijiji kimoja tukipitia daftari lake mstari kwa mstari, mimi nikisoma jina, yeye akisema "huyu wa hapa" au "huyu aliletwa". Lilikuwa daftari la kaunta lenye kurasa zilizolowa pembeni, na safu ya umri ilikuwa imejaa maneno "mzee", "mtu mzima", "mtoto". Ilituchukua asubuhi nzima kwa miaka miwili ya vifo. Walioletwa walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na hesabu niliyokuwa nimekwisha kuipeleka mkoani ilibidi niiombe irudi. Nakusihi ufanye kazi hiyo kabla ya kikao kijacho. Huenda hata ile 9 ikashuka yenyewe kabla hujagusa umri.

Upande wa pili wa tatizo hilo uko mjini. Kama kituo kikubwa ama hospitali iko kata moja, vifo vya wagonjwa wa kata nyingine vitaandikwa pale. Panga vifo kwa makazi. Na watoto wachanga wanaofia nyumbani siku ya kwanza au ya pili, hasa kwa mama wapangaji wasiojulikana na balozi, mara nyingi hawaandikwi popote. Ukiona 48 yako ya watoto wa mjini, nadhani ni ndogo kuliko hali halisi.

La pili ni umri wenyewe. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, wanajihesabu kwa matukio: alizaliwa wakati wa nzige, aliolewa mwaka wa Uhuru. Ndugu wanaojaza fomu ya kifo wanazungushia miaka 80 au 90, wakati kwenye sensa ya Agosti 2022 mzee huyo huyo alitajiwa miaka 74. Juu ya mstari yuko rika moja, chini ya mstari yuko jingine, na kiwango kinapinda. Huwezi kuliondoa kabisa. Unaweza kulipunguza kwa kutumia kitambulisho cha taifa au kadi ya kliniki pale ipo, na kwa kuuliza umri kwa matukio wakati wa kuandikisha kifo. Pia "65 na zaidi" ni rika pana mno. Mtu wa miaka 66 na wa miaka 90 hawana hatari moja. Kama wazee wa mlimani ni wa miaka ya 80 na wa mjini ni wa miaka ya 60, bado tofauti ya umri imejificha humo ndani hata baada ya kurekebisha. Ligawe angalau mara mbili, 65 hadi 74, na 75 na kuendelea. Kwa watu chukua majedwali ya sensa ya umri na jinsia, ukiyasogeza kwa makadirio hadi katikati ya mwaka unaoushughulikia.

La tatu ni uchache. Vifo 12 vya watoto, 15 vya vijana. Mwaka mwingine, bila kitu chochote kubadilika, vingeweza kuwa 7 au 19. Kituo cha taifa cha takwimu za afya cha Marekani kimekuwa kikikiwekea alama ya kutoaminika kiwango chochote kilichojengwa juu ya vifo pungufu ya 20, na marika yako mawili ya mlimani yako chini ya hapo. Nimekokotoa mipaka ya uhakika ya asilimia 95 kwa namba zako: 6.2 ya mlimani inaweza kuwa popote kati ya 5.3 na 7.2, na 7.5 ya mjini kati ya 6.2 na 8.7. Zinapishana, na nilipoipima tofauti yenyewe, bahati haijaondolewa kwenye maelezo. Kwa hiyo sentensi ya haki kwa mwaka mmoja ni hii: hakuna ushahidi kwamba mlimani ni hatari kuliko mjini, na kuna dalili kwamba mjini ndiko kubaya zaidi. Usiseme zaidi ya hapo. Unganisha miaka 3. Namba zikibaki kama hizi kwa miaka 3, tofauti hiyo itasimama, nawe utaweza kuitetea bila kutetemeka.

Kuna namna nyingine ya kuiwasilisha ambayo naipenda kwa madiwani, na ambayo inasaidia pia kata ndogo zenye vifo vichache kwa kila rika. Uliza: kama watu wa mjini wangekuwa wanakufa kwa viwango vya mlimani, wangekufa wangapi? Watoto 36, wa miaka 5 hadi 39 watu 39, wa miaka 40 hadi 64 watu 42, wazee 41. Jumla 158. Waliokufa ni 200. Hiyo ni njia isiyo ya moja kwa moja, na 200 kwa 158 ni karibu mara 1.27. Watu 42 wanaeleweka kuliko desimali. Onyo langu ni moja: ukifanya hivi kwa kata kumi, kila moja ikilinganishwa na eneo moja la rejea, usizipange zile kata kumi zenyewe kwa zenyewe kama ligi, kwa sababu kila moja imebaki na kikapu chake.

Na mganga mfawidhi? Hakuna namba kati ya zote hizi inayoweza kumhukumu. Kiwango cha vifo cha kata kinabeba barabara, maji, bodaboda, pombe, umbali wa hospitali, pamoja na wale wasiofika kituoni kabisa. Ukitaka kujua kituo kinafanya nini, pitia mafaili ya waliofia humo. Mgonjwa alifika saa ngapi, alionwa baada ya muda gani, damu ilikuwepo, oksijeni ilikuwepo, rufaa iliandikwa lini na gari lilikuja lini. Vifo vya uzazi vinafanyiwa mapitio kimoja kimoja, na hapo kiwango ghafi na kilichorekebishwa vyote viwekwe pembeni. Kumhamisha mtu kwa sababu ya 9 ni kumwadhibu kwa kuwa na wazee wengi katani.

Usiifanye kazi hii peke yako kuanzia hapa. Mshirikishe mtakwimu wa halmashauri kwenye idadi za watu, na ofisi ya takwimu ya mkoa kama makadirio yako na yao yanatofautiana. Kabla namba hizi hazijaingia kwenye mpango wa bajeti au kwenye barua ya uhamisho, mpelekee mtaalamu wa epidemiolojia wa mkoa au mwalimu wa afya ya jamii chuoni akae nawe na faili, si kwa simu. Na ukiona vifo vimerundikana ghafla, watoto watano wa mtaa mmoja ndani ya wiki mbili, au watu wazima waliokunywa pombe moja, usifungue jedwali. Mpigie Mganga Mkuu wa Wilaya saa hiyo hiyo.

Kwa kikao kijacho nenda na karatasi moja, mistari minne, kata mbili, viwango vya kila rika. Anza kwa kumwambia diwani kwamba misiba ya kata yake ni mingi kweli, na kwamba wazee 3,000 wanahitaji kliniki ya shinikizo la damu iliyo karibu nao na dawa zisizokatika. Hilo ni dai lake halali na 9 inamuunga mkono. Kisha weka kidole kwenye mstari wa kwanza, watoto wa mjini, vifo 48 pale ambapo viwango vya mlimani vingeleta 36, na uombe ruhusa ya kwenda nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ya stendi na soko kuuliza hao watoto walikufa na nini. Ukishapata daftari lililosafishwa, niletee tena jedwali. Tutalipitia pamoja.